Tupeane uzoefu: umeongeza nini kwenye tovuti ya biashara kikawafanya wateja waulize na kununua?

Fundi Kitufe
Wakuu, habari za wakati huu. Natengeneza tovuti za wafanyabiashara, na kila nikikaa na mteja mpya naletewa maombi yaleyale: picha zinazoteleza juu ya ukurasa, video inayojiwasha, roboti wa kuchati. Sijaona bado mtu aliyerudi kwenye tovuti kwa ajili ya picha zinazoteleza. Tupeane uzoefu wa vitu vilivyoleta watu kweli, na vilivyong'olewa pia.

Naanza. Kuna ofisi ya kukodisha mashine za ujenzi, simu zilikuwa haziishi na swali ni moja: tarehe fulani ile mashine ipo? Tukaweka kalenda kwenye ukurasa wa kila mashine, siku zilizochukuliwa zina rangi ya kijivu. Simu bado zinapigwa, ila sasa anayepiga ameshachagua tarehe, anaulizia usafiri. Kuchora kalenda ni kazi ndogo. Jasho lilitoka kwenye kuiunganisha na daftari la ofisini, maana kalenda ikisema mashine ipo na kumbe iko kwa mtu mwingine, ni heri isingekuwepo.

Mzee wa Spea
Mleta mada, kwangu mimi ni kisanduku cha kutafutia. Tovuti nyingi zinacho, ila hakuna anayesoma wateja wanaandika nini humo. Nilimwambia kijana anayenishughulikia mambo ya kompyuta awe ananiletea maneno yote yaliyotafutwa yakakosa majibu. Nikakuta watu wanatafuta vipuri kwa majina ya gereji, siyo yale ya kwenye boksi. Wengine wanaruka herufi, wengine wanaandika namba ya kipuri bila vistari. Tukayaingiza majina yao yote, sasa ukiandika la gereji unaletewa kipuri chenyewe. Vile ambavyo kweli sina vikawa orodha yangu ya kuagiza. Na pale palipokuwa na "hakuna kilichopatikana" pana kitufe cha kutuma picha ya kipuri.

Bi Mishono
Nashona nguo za kuagiza. Kitufe cha WhatsApp kila mtu anacho, lakini kile cha jumla kilikuwa kinaniletea "hii bei gani?" na mimi sijui hii ni ipi. Kiungo cha wa.me kinakubali ujumbe ulioandikwa kabisa. Unaweka namba yako pamoja na msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, kisha ?text= na maneno yako. Kila mshono ukapata kitufe chake, na meseji inaingia ikiwa na jina la mshono na nafasi ya kujaza kipimo. Chini yake nimeandika saa ninazojibu, na nje ya hapo wateja wananivumilia.

Mtunza Seva
Wakuu, mnaongeza tu, nani anapima uzito? Kwa vipimo vya Google, ukurasa mzuri ni ule ambao kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kinaonekana ndani ya sekunde 2.5, na ukiugusa unaitikia ndani ya milisekunde 200. Hicho cha pili kiliingia rasmi Machi 2024, na hapo ndipo vikorombwezo vingi vinapoumbuka, kwa sababu kila kimoja kinakuja na skripti zake, yaani programu ndogo ambazo simu ya mteja inalazimika kuzipakua na kuziendesha. Dirisha la kuchati nililokuta kwenye tovuti moja lilikuwa linavuta mafaili mengi kuliko tovuti yenyewe. Sikulifuta. Niliweka kitufe chepesi mahali pake, skripti zinaitwa mtu akishabofya.

Madirisha yanayofunika ukurasa mzima mtu akiingia tu, hayo ondoeni. Tangu Januari 2017 Google wanaweza kuushusha chini kwenye matokeo ukurasa wa simu unaomzibia msomaji aliyetoka kwenye utafutaji.

Dada Mapokezi
Nimekaa huduma kwa wateja miaka, niwatetee roboti kidogo. Roboti asiyekuwa na "ongea na mtu" anaudhi, mteja anazungushwa mpaka anafunga. Kampuni niliyokuwepo ilipoweka hicho kitufe, maneno ya hasira yalipungua. Lakini faida kubwa ilikuwa kumbukumbu za mazungumzo: tulizisoma, tukaandika ukurasa wa maswali na majibu kwa maneno ya wateja wenyewe. Swali la kurudisha bidhaa lilikuwa linaongoza, na sisi tulilificha kwenye masharti.

Mgeni Njiani
Huo ukurasa wa maswali unaonekana kwenye Google ukiuwekea zile alama maalumu za kwenye msimbo, zinazoiambia Google kuwa haya ni maswali na majibu?

Mtunza Seva
Usizitegemee, mkuu. Agosti 2023 Google walitangaza kuwa yale maonyesho ya maswali na majibu kwenye matokeo ya utafutaji yatabaki kwa tovuti za serikali na za afya zinazofahamika. Andika maswali kwa ajili ya mteja.

Fundi Kitufe
Mzee wa Spea, hizo picha za vipuri zinaingia vipi? Watu wa simu huwa wanakwama kwenye kupakia.

Mzee wa Spea
Ni fomu ya kawaida tu, mkuu. Mteja akigusa kitufe, simu inamuuliza kamera au picha zilizopo. Kijana ameweka kitu kinachopunguza ukubwa wa picha hukohuko kwenye simu kabla haijatumwa, kwa hiyo hata mtandao ukisuasua inapita. Anayejaza anaandika namba ya simu tu. Barua pepe tuliiondoa, wengi walikuwa wanaishia hapo.