Kuanzisha kanisa jipya Kigoma, lengo watu wakue kiroho, tunaanzia wapi?

Tichaa_Gungu:
Wapendwa Bwana Yesu asifiwe. Niko Kigoma mjini, Gungu. Kuna familia kadhaa tunakutanaga Jumatano jioni sebuleni kwa ndugu mmoja, tunasoma Biblia kitabu kwa kitabu, tulianza na Marko saa hizi tuko Warumi, na watu wanauliza maswali mpaka chai inapoa. Sasa ninapoabudu Jumapili nina miaka mingi pale lakini ukiniuliza Wagalatia inahusu nini nabaki natoa macho, kila wiki ni kufunguliwa na kupokea gari, sadaka tatu, matangazo, tumetawanyika. Kundi letu wameanza kusema tuanzishe kanisa, la kulea watu siyo la kukimbizana na miujiza. Mimi chuo cha Biblia sijasoma, ni mwalimu wa sekondari tu. Tunaanza na usajili au na ibada? Na utajuaje kama washirika wanakua kweli, maana kuhesabu viti kila mtu anaweza.

Katibu mstaafu:
Amina mtumishi. Nilikuwa katibu wa kanisa miaka mingi nikwambie ya makaratasi. Kusoma neno sebuleni familia chache haina shida, ila mkishakuwa na jina, viongozi na sadaka hapo mmeshaingia kwenye Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, yenyewe inaongelea kundi la kuanzia watu 10. Anayesajili ni Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na atataka katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi, majina na sahihi zao, wasifu wa viongozi na picha, na barua ya utambulisho kutoka ngazi za huku chini, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa na mtendaji muwe mnajuana nao mapema siyo siku ya kutaka muhuri. Katiba msikopi ya kanisa lingine mkabadilisha jina tu, mtakuja kuumbuka siku ya ugomvi, andikeni wenyewe nani anaweza kumwondoa mchungaji na hela anasaini nani.

Halafu kiwanja!! Kiwanja kisiandikwe jina la mchungaji hata awe mtakatifu namna gani. Sajilini bodi ya wadhamini RITA, ule Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, mali ikae kwa hiyo bodi. Nimeona waumini wanatolewa nje ya jengo walilobebea mawe kichwani kwa sababu marehemu mchungaji aliacha watoto na hati ina jina la baba yao. Njia nyingine fupi ni kuingia chini ya dhehebu lililosajiliwa mkawa tawi, ila hapo mtafuata utaratibu wao, mjiandae.

Mpita njia 47:
Kanisa jingine tena Gungu jamani 😂 pale kwetu Jumapili spika mbili zinatazamana, huyu anakemea huyu anaimba, wagonjwa hatulali. Mkifungua nunueni Biblia, spika acheni.

Mama Ushirika, Kasulu:
Tichaa mwanangu, Bwana asifiwe. Nikuulize kitu kimoja tu, mchungaji wako umemwambia? Siyo kupitia mtu, wewe kwa mdomo wako, umekaa naye ukamwambia baba tuna njaa ya neno? Maana wazee wetu wa Uamsho, moto ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda mpaka Tanganyika, wengi wao hawakutoka makanisani. Walikutana, wakatubu mbele ya wenzao kweupe, aliyeiba anataja na anarudisha, halafu Jumapili wanakaa benchi lilelile na mchungaji anayewaona wamechanganyikiwa. Wakatoliki nao wana jumuiya ndogondogo mtaa kwa mtaa, hakuna aliyehama parokia kwa ajili ya hiyo. Kukua hakuhitaji kibao barabarani mwanangu. Kama amekataa kabisa hapo ni habari nyingine, ila ondokeni mmeaga na msichukue watu wake usiku.

Fundi Boti Kibirizi:
Mama kasema ila mimi niongelee lile swali la mwisho maana ndo limebeba kila kitu. Huku mwaloni watu wengi ni wa dagaa, kukiwa giza wako ziwani usiku kucha na taa zao, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaji taani ndo wanakuwa nyumbani. Darasa letu zamani lilikuwa tarehe za kalenda, wanakuja kina mama na watoto tu, watu wakawa wanasema wanaume wa Kibirizi wagumu kiroho, wagumu wapi, wako kazini! Tukahamishia kwenye mbalamwezi, wanaume wakajaa mpaka mlangoni. Kwa hiyo kabla ya katiba angalieni watu wenu wanaishije.

Na kukua utakuona. Tulisoma Yakobo taratibu sana, tulipofika ule mshahara wa wavunaji uliozuiliwa mpendwa mmoja akanyamaza kabisa. Huyo alikuwa anauza dagaa na mchanga wake, debe linajaa haraka. Wiki iliyofuata mkewe anatuambia anachekecha kabla ya kupima. Hajanena kwa lugha, hajaanguka, anachekecha. Siku hizi yeye ndo anafundisha vijana wa mtumbwi wake, hiyo ndo 2 Timotheo 2:2, mtu aliyepokea anampa mwingine. Mkipata hata mmoja wa hivyo kwa mwaka mshukuru.

Tichaa_Gungu:
Mama shikamoo, umenishika pabaya, mchungaji sijamwambia. Nitamfuata wiki hii kabla hatujakaa kikao kingine. Katibu, hilo la RITA nimelipiga picha nimetuma kwenye kundi wameshtuka wote, kuna mmoja alikuwa ameshaahidi kiwanja. Fundi, darasa lenu mtu wa nje anaruhusiwa?

Fundi Boti Kibirizi:
Karibu sana mwalimu, tunaanza Waebrania. Njoo na daftari, na ukifika uliza kwa wanaoshona nyavu watakuonyesha.

Mpita njia 47:
Spika hamna?

Fundi Boti Kibirizi:
Hamna 😂