Panadoli Kibo, kura 41! Kumbe bila pointi 500 huna kura, na hata hatari huruhusiwi kuipinga

Wakuu, msimamizi wetu mnamjua, sina haja ya kumtaja jina. Kaondoa kitufe cha kupinga kwenye jukwaa la waongoza watalii wa mlima, kaweka pointi 500 ndipo upige kura, na kura zenyewe tano kwa siku. Tano!

Matokeo mmeyaona jana. Mtu kaandika eti mteja akitapika na kuumwa kichwa pale kambi ya Kibo, Kilimanjaro, mita 4,720, mpe panadoli aendelee kupanda. KURA 41. Andiko lipo juu kabisa linang'aa kama bati jipya. Chini yake yupo aliyejibu sahihi: mwenye dalili hizo za ugonjwa wa mwinuko hapandi, mtembeze kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikiguse kidole, akiyumba anashuka usiku huo huo, hakuna kusubiri kuche. Kura 3!

Wanaojua ni wapagazi na wasaidizi wanaopata mtandao wakishafika geti la Marangu. Hawana pointi. Pointi zinatokana na kura, na kura wanazo wenye pointi, sasa mgeni aanzie wapi? Wenye pointi nao wamemaliza tano zao kwenye vichekesho kabla ya saa nne asubuhi. Na kitufe cha kupinga kikiondoka, andiko lililowahi kura halishuki tena. Kila anayeingia analikuta juu, analiunga mkono naye.

Stack Overflow, lile jukwaa la maswali ya waandika programu, wana masharti pia, lakini pointi 15 zinatosha kuunga mkono, 125 kupinga, na ukipinga jibu la mtu unakatwa pointi 1. Hapo hupingi ovyo, ila uwezo unao. Huyu wetu katuziba midomo. Panadoli! Kibo! Kura 41!

Fundi Kijenge: Mkuu punguza presha, utashushwa na machela kabla ya mteja. Ila lile andiko ni kifo kabisa.

Mama Kiborloni: Mmesahau akaunti feki? Watu walikuwa wanafungua kumi kumi, wanajipigia kura na kuzamisha wenzao. Dawa ni kuthibitisha namba ya simu na akaunti mpya kusubiri wiki mbili. Pointi 500 ni kukomoana.

Dogo wa Majengo: Mleta uzi, kikomo kilipotangazwa si wewe ulishangilia? Leo unalia!

Ngarenaro Spea: Afadhali nyie hizo 41 mnaziona. YouTube walificha idadi ya waliopinga Novemba 2021. Zamani video ya fundi muongo unaijua kabla hujashika bisibisi. Sasa anakwambia kaza skrubu ya hewa ya kabureta mpaka mwisho, unamfuata, pikipiki inazima kila ukiachia resi.

Mzee wa Pasua: Spea, mpaka mwisho? Funga taratibu isiumie ncha, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu hivi. Injini ipate moto kwanza ndiyo urekebishe.

Ngarenaro Spea: Pikipiki yangu ni cc 150, mzee. Nayo ni hivyo hivyo?