Chaneli ya besiboli inajisifia tuzo za TV za Emmy huku mwandishi wake bora ilimtema. Tuzo za nini sasa?

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi usihamishwe kwenda Burudani, hapa tunaongea michezo na uandishi wa habari. Nina povu la muda mrefu na leo nalitoa lote.

Najua besiboli ina watu wachache humu, kwa hiyo nieleze kidogo. MLB Network ni chaneli ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Hisa nyingi ni za ligi yenyewe, zilizobaki ni za makampuni ya kebo na setilaiti. Ilianza tarehe 1 Januari 2009 pale Secaucus, New Jersey, ndani ya jengo lililowahi kuwa la chaneli ya habari ya MSNBC, na siku hiyohiyo ikaingia nyumba kama milioni 50. Hakuna chaneli ya kebo iliyowahi kuanza na ukubwa huo. Na sitawanyima haki yao, walianza kwa kishindo. Usiku wa kwanza walirusha mechi ya tano ya fainali za 1956, ile ambayo mrushaji mpira Don Larsen wa timu ya Yankees aliletewa wapigaji 27 na wote 27 wakarudi benchi bila mmoja kufika kituo cha kwanza. Matangazo hayo hayakuwa yameonyeshwa tena tangu siku yalipotokea. Wakawaita Larsen mwenyewe na mdakaji wake Yogi Berra, wakakaa na mtangazaji wao Bob Costas kuitazama. Mimi nasema hapo walistahili kila kikombe.

Tuzo zikaanza kumiminika. Kipindi chao cha kila usiku, MLB Tonight, kimebeba Emmy ya michezo ya kipindi bora cha kila siku cha studio zaidi ya mara moja. Costas mwaka 2018 akapewa tuzo ya Ford C. Frick, ile ya watangazaji inayotolewa na Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, Cooperstown. Mwandishi mkongwe Peter Gammons alikuja pale akiwa tayari na heshima kubwa kuliko zote kwa waandishi wa mchezo huu, ya mwaka 2004. Angalieni hizo mbili za mwisho vizuri: ni za watu, kwa kazi ya maisha yao, nyingi waliifanya kabla chaneli haijazaliwa. Chaneli inapiga picha pembeni yao tu.

Sasa tuje kwa Ken Rosenthal, yule mwandishi waliyemtema, maana yeye ndiye amenileta hapa. Yule jamaa mfupi wa tai ya kipepeo, anayeivaa ili mashirika ya hisani yapate kutajwa. Mwaka 2015 alishinda Emmy ya mwandishi bora wa michezo, mwaka 2016 akashinda tena. Wajuaji mtaniambia alikuwa anafanya kazi televisheni ya Fox pia. Sawa, nakubali, na ndiyo inazidi kunipandisha hasira, kwa sababu Fox bado wako naye mpaka leo.

Juni 2020 korona imefunga viwanja, ligi na wachezaji wanavutana kuhusu mishahara na idadi ya mechi (mwishowe zikachezwa 60 badala ya 162). Rosenthal akaandika kwenye The Athletic, tovuti ya habari za michezo, akimkosoa kamishna wa ligi, Rob Manfred, kwa jinsi anavyoendesha yale mazungumzo. Hakumtukana mtu. Aliandika kama mwandishi anavyotakiwa kuandika. Kwa mujibu wa gazeti la New York Post, chaneli ikamweka kando kama miezi mitatu. Halafu Januari 2022, ligi ikiwa imewafungia wachezaji milango kwa mgogoro wa mkataba tangu tarehe 2 Desemba 2021, ikatoka habari kwamba hawamrudishi. Gazeti lilelile likasema sababu ni zile makala. Yeye alithibitisha kuondoka kwake bila kelele, akasema alijitahidi siku zote kulinda uadilifu wake wa kiuandishi. Chaneli ikajibu kwamba ni mabadiliko ya kawaida ya watangazaji.

Mabadiliko ya kawaida! Mtu kakaa zaidi ya miaka 12, kashinda Emmy mbili, ndiye kila shabiki anamsubiri dirisha la usajili likikaribia kufungwa, halafu anaondoka katikati ya mgogoro ambao bosi wa ligi ni upande mmojawapo. Kwetu mtoto mdogo angeshaelewa. Wanachotaka pale ni chawa wenye suti.

Na msiniambie "chaneli ni mali ya ligi, inafanya itakavyo." Ifanye. Lakini basi isiende kila Mei kugombea tuzo za uandishi kama chombo huru, ichague moja. Ukishindania kundi la mwandishi bora umekubali kupimwa kwa kipimo cha waandishi, na kipimo cha kwanza ni kama unaweza kumgusa anayekulipa.

Tena hizo Emmy zenyewe, wakuu, tusiziogope sana. Januari 2024 The Athletic walifichua kwamba ESPN, chaneli kubwa ya michezo Marekani, kwa miaka walikuwa wanapeleka majina ya watu wasiokuwepo ili wapate sanamu za ziada, kisha wanazichonga upya na kuwapa watangazaji wao. Zaidi ya sanamu 30 zikarudishwa. Chanzo ni kanuni iliyokuwepo mpaka 2023, kwamba kipindi cha studio kikishinda, wanaoonekana kwenye skrini hawahesabiwi kwenye tuzo hiyo. Siwatuhumu MLB Network kwa hilo, hawakutajwa. Nasema tu kwamba unapoona kabati limejaa, uliza nani alipewa, kwa kazi gani, na yuko wapi leo.

Kingine kinachonikera: studio yao moja inaitwa Studio 42, namba ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi hiyo, ambayo ligi nzima iliistaafisha mwaka 1997. Robinson, mtu aliyekuja kuwasema waziwazi wakubwa wa besiboli! Namba yake inafaa ukutani, ila mwandishi anayesema ukweli kuhusu kamishna hafai kuketi humo.

Mimi nataka jambo dogo. Wakijitangaza tena kuwa ni chaneli yenye Emmy kadhaa, pembeni ya jina la Rosenthal waandike 2015, 2016, na Januari 2022. Mnaotaka kuwatetea karibuni, ila mje na hoja, "mabadiliko ya kawaida" nimeshaisoma.