Naomba ushauri: Aruba na familia, Eagle Beach au Palm Beach?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa mliowahi kufika Aruba, kile kisiwa cha Karibi, hasa ndugu zetu mlioko Marekani.

Mfanyakazi mwenzangu hapa New Jersey ana wiki yake kwenye hoteli moja ya Eagle Beach, zile ambazo mtu ananunua wiki ya kila mwaka. Safari hii haendi, yuko tayari kunikodishia. Tutakuwa mimi, mke wangu, mtoto wa miaka minne na mama mkwe. Chumba kina jiko, na hapo ndipo aliponinasa, maana kula hotelini kutwa mara tatu kutanimaliza.

Hoteli nimeshawapigia, wanasema mwenye wiki anaweza kuandikisha jina langu kama mgeni wake. Palm Beach nako nimeangalia: maghorofa marefu, mikahawa mlangoni, lakini watu tele. Eagle Beach ufukwe ni mpana na umetulia.

Mama mkwe pizza hataki hata kuisikia. Nimemwonyesha picha za mgahawa wa Zeerovers kule Savaneta, samaki anapimwa kwenye mizani na kukaangwa hapohapo kando ya maji, akachangamka. Funchi yao nayo ni ugali tu, ila wengine huukata vipande wakaukaanga.

Sasa wakuu:

Bila gari, tukiwa na mtoto, Eagle Beach tutaiweza? Basi za Arubus zinatosha kutufikisha Savaneta na kurudi jioni?

Na kabla sijatuma hela, nimdai huyu jamaa karatasi gani?

Natanguliza shukrani.