Tetemeko likianza usiku nikimbie nje au nibaki ndani? Naombeni ushauri

MamaWawili
Wakuu habari zenu. Juzi kama saa nane usiku kitanda kilianza kutikisika, nikadhani mtoto anajigeuza, kumbe ni nyumba nzima, milango ya kabati inagongagonga na vikombe vinalia huko jikoni. Tunakaa ghorofa ya tatu, mume wangu yuko safari, nipo na watoto wawili na mama mkwe anayetembelea fimbo. Nilimnyakua mdogo nikamvuta mkubwa tukakimbilia ngazi, giza totoro, pekupeku, nikateleza ngazi za mwisho goti mpaka leo limevimba. Ila goti sio linaloniuma, kinachoniuma ni kwamba mama nilimwacha kitandani. Na tulivyofika chini lilishaisha zamani. Sasa kila mtu ananiambia lake, huyu simama kwenye fremu ya mlango, huyu kimbia. Anayejua kweli anisaidie jamani, silali.

FundiNondo
Pole sana dada, kwanza usijilaumu, mwili ukishtuka unakimbia wenyewe. Ila ghorofa ya tatu usikimbie. Wanaoumia wengi ni wa kudondokewa na vitu au kuanguka wakiwa wanakimbia kama ulivyoanguka wewe, na ngazi ndo pabaya kabisa, ukifika mlangoni nako vioo na plasta vinamwagikia hapohapo. Lifti ndo usiiguse. Shuka chini upige magoti, ingia chini ya meza imara, mkono mmoja ushike mguu wa meza maana meza inatembea ikuache wazi, mwingine kinga kisogo. Hakuna meza? Sogea ukuta wa ndani mbali na dirisha, jikunje, funika kichwa na shingo. Fremu ya mlango ni mambo ya zamani, kwenye nyumba za udongo mbao za mlango ndo zilikuwa zinabaki zimesimama, nyumba za sasa fremu haina nguvu yoyote ya ziada na mlango wenyewe utakubamiza vidole.

Msafiri77
Mkuu sikubaliani na wewe. Uturuki 2023 majengo yalilala chini kabisa na watu wamo ndani, zaidi ya elfu hamsini wakafa, leo unamwambia dada abaki?

FundiNondo
Swali lako ni la haki na linaniumiza mimi kama fundi. Lile la tarehe 6 Februari lilikuwa la ukubwa wa 7.8, lilipiga saa 10:17 alfajiri watu wamelala, sasa mtu wa ghorofa ya tatu na watoto sakafu inaruka, anafika chini saa ngapi? Kilichowaua pale kwa kiasi kikubwa ni ujenzi mbovu, na nguzo mbovu huwezi kuikimbia usiku, nguzo imara unaidai kabla hujahamia. Ila kuna kitu uko sahihi: kama ni nyumba ya chini ya matofali ya udongo yenye paa zito, mlango uko hatua mbili tatu na nje ni peupe, hapo toka haraka, meza haitakuokoa. Na likiisha usirudi kwenye nyumba yenye nyufa, siku ileile Uturuki lilikuja lingine la 7.5 baada ya masaa kama tisa kupita.

NesiWaZamu
Mbona mmesahau kitanda na yeye kauliza usiku. Ukikutwa kitandani BAKI kitandani, lala kifudifudi, mto juu ya kichwa na shingo. Ukishuka gizani unakanyaga vioo, kwa hiyo viatu na tochi viwe karibu na kitanda kila siku. Mama asiyeweza kupiga magoti abaki alipo, akiwa kwenye kiti ainame mbele akinge kichwa, kama ni kiti cha magurudumu funga breki kwanza. Likiisha ukasikia harufu ya gesi usiwashe taa wala kiberiti, funga mtungi kama unaufikia, tokeni. Ukifukiwa usipige makelele hovyo vumbi litajaa kifuani, funika mdomo na nguo, gonga bomba au ukuta.

Msafiri77
Sawa nimeelewa. Niongezee kwa walio karibu na bahari, likitikisa kwa nguvu au kwa muda mrefu, likiisha tu pandeni mlimani, msisubiri king'ora wala msiende kuchungulia maji yaliyorudi nyuma. Desemba 26, 2004 tetemeko lilikuwa Sumatra huko Indonesia lakini mawimbi yaliua watu mpaka Somalia. Na wimbi la kwanza mara nyingi sio kubwa kuliko yote.

MamaWawili
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Leo nimeingia chumbani kwa mama nikaangalia juu, kumbe miaka yote analala chini ya kioo kikubwa na kabati lenye masanduku mawili mazito juu yake. Masanduku nimeshusha, kioo nimekitoa. Nikamwomba msamaha kwa kumwacha akaniambia, "Mwanangu, mimi nilivuta mto nikajifunika kichwa, nikawa nawaombea nyie huko kwenye ngazi." Nimelia. Fundi, hilo kabati nalifungaje ukutani?

FundiNondo
Mama kafanya sahihi kuliko sisi wote. Kabati weka vyuma vya kona viwili huku juu, skrubu ziingie kwenye mbao nene ya kabati sio ubao wa mgongoni ule mwembamba, na upande wa ukuta ziingie kwenye tofali lenyewe, plasta haishiki kitu. Kitanda nacho kisogeze mbali na dirisha.

MamaWawili
Kesho asubuhi naanza na hilo.