Naomba ushauri: koti au shati na tai kwa mahojiano ya chuo?

Ndugu zangu, hamjambo. Mdogo wangu ana mahojiano ya chuo cha uuguzi hapa Kisumu, Jumanne saa nane mchana. Koti la mtumba tulilopata soko la Kibuye ni la poliesta, lina bitana mpaka mikononi. Kwa joto la huku jasho halina pa kutokea, kola italowa kabla hajaitwa. Mabega nayo yamezidi vidole viwili, na kuyapunguza ni kufumua mikono yote miwili. Naegemea shati jeupe la pamba, suruali nyeusi na tai ya bluu iliyokoza, ncha yake ikigusa mshipi. Je, bila koti ataonekana hajajiandaa? Viatu vyeusi vya shule vikipakwa rangi vizuri vitafaa? Nijibuni kabla ya Jumapili, siku ya soko.