Tupeane uzoefu: ni neno gani la wapiga picha mtandaoni lililokufanya ujione mwenyeji?

Mwanga_wa_Jioni (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Nilipoanza kuweka picha zangu Flickr, ule mtandao wa picha, sikuwa namjua mtu hata mmoja. Ijumaa moja nikaweka picha ya uzio wa mbao uliotambaliwa na mimea. Kurudi baadaye nakuta watu watatu wameandika herufi tatu tu: HFF. Nikadhani wananionyesha kasoro. Nikaikagua picha yote, sikuona kitu.

Kumbe ni salamu! Siku ya Ijumaa watu huweka picha za uzio na kutakiana heri kwa herufi hizo, yaani Happy Fence Friday, Ijumaa njema ya uzio. Mimi niliingia bila kujua, nao wakanipokea kama mtu waliyekuwa wakimsubiri. Wiki iliyofuata nilitoka kutafuta uzio makusudi, nikaandika HFF kwa mkono wangu. Mmoja wa wale watatu tunaandikiana mpaka leo, na sura yake siijui.

Ukizichunguza, herufi zile hazikupi habari yoyote. Kazi yake ni ile ya hodi na karibu. Ndiyo maana nazipenda kuliko sifa za "picha nzuri", ambazo mtu anaweza kuziandika bila hata kuitazama picha.

Na wewe je? Lete kisa chako.

Lenzi_Kuukuu

Mkuu, mimi ni HBW, Happy Bokeh Wednesday, ya Jumatano. Hiyo ni siku ya bokeh, ile hali ya nyuma ya picha kufifia hadi taa zinakuwa viduara vya mwanga. Neno lenyewe lina safari yake: limetoka kwenye "boke" la Kijapani, na mwaka 1997 jarida la Marekani la Photo Techniques likaliongezea "h" mwishoni ili wasomaji wa Kiingereza wasilitamke ovyo. Nilipolijua hilo nilifurahi sana. Jarida lilifikiria namna ya kumsaidia msomaji asikosee, na sisi tusiojuana tukalirithi neno likiwa tayari kinywani.

Dada_wa_Albamu

Kwangu ni TBT, Throwback Thursday, yaani Alhamisi ya kuweka picha za zamani, na naomba mnivumilie maana kisa ni kirefu kidogo.

Tuko ndugu watano, kila mmoja na nchi yake. Baada ya mama kufariki, kundi letu la familia likanyamaza. Mtu akiandika, ni habari ya hati au ya madeni. Alhamisi moja kaka yetu mkubwa, ambaye si mtu wa maneno, akatuma picha ya mama akiwa msichana, amesimama na baiskeli. Chini yake kaandika TBT, basi.

Ndani ya saa moja tukawa tunabishana baiskeli ilikuwa ya nani. Mdogo wetu akasema ni ya shangazi, mimi nikakataa. Ilikuwa mara ya kwanza kumzungumzia mama bila mtu kulia. Tangu siku hiyo hakuna Alhamisi inayopita bila picha. Nadhani zile herufi zilimpa kaka ruhusa: hakulazimika kusema "nimemkumbuka mama", TBT ilimsemea.

Natafuta_Fokasi

Mimi nina kisa cha upande wa pili. Niliingia kundi moja la wapiga picha, nikauliza SOOC ni nini. Nilichekwa. Mmoja akaniambia nikajifunze kwanza ndipo nirudi. Nikatoka, na kamera ikakaa kabatini miezi. Maneno haya haya mnayoyasifu yanaweza kuwa kufuli.

Mwanga_wa_Jioni

Pole sana, ndugu yangu. Hapo ulionewa. SOOC ni picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera bila kuhaririwa, na kukueleza hivyo kusingewachukua hata nusu dakika. Wote tuliwahi kuuliza. Hata selfi, neno lililotangazwa na kamusi za Oxford kuwa neno la mwaka 2013, matumizi yake ya mwanzo yanayojulikana ni ya 2002, kwenye mtandao wa Australia: mtu aliyeumia mdomo aliweka picha ya jeraha lake, akaomba radhi kwamba haikutulia vizuri kwa sababu ni selfi. Alikuwa amekuja kuuliza kuhusu jeraha lake, kama wewe ulivyouliza.

Lenzi_Kuukuu

Natafuta_Fokasi, itoe hiyo kamera kabatini. Una lenzi gani?

Natafuta_Fokasi

50mm.

Lenzi_Kuukuu

Wenyewe tunaiita nifty fifty. Ndogo, nyepesi, na wengi wetu tumejifunzia hiyo. Karibu.

Natafuta_Fokasi

Nimeitoa. Betri ilikuwa imekufa, nikaichaji usiku kucha. Leo Ijumaa, nimepiga uzio wa jirani, waya mtupu wenye umande. SOOC, sijagusa kitu. HFF wote.

Dada_wa_Albamu

HFF, mdogo wangu.